Mjane wa Hartford: uchambuzi wa kisa cha daktari wa meno Horace Wells na nyumba yake

Wanaobishana juu ya nani aliyeanza kuwalaza wagonjwa ili wasisikie maumivu hutaja majina manne, yote ya Wamarekani: Crawford Long wa mji mdogo wa Jefferson huko Georgia, Horace Wells wa Hartford huko Connecticut, na William Morton pamoja na Charles Jackson wa Boston. Ubishi huo una umri wa zaidi ya miaka 170 na sina nia ya kuumaliza. Ninachotaka kukichambua ni nyumba moja tu kati ya hizo nne, nyumba ya Wells, kwa sababu kisa chake huwa kinasomwa nusu. Msomaji hupelekwa kwenye ukumbi wa Boston ambako Wells alizomewa, kisha hurushwa hadi mahabusu ya New York alikofia, na katikati hapaonekani mtu. Katikati palikuwa na mke, Elizabeth, na mtoto, Charles. Hao ndio waliolipa gharama ya ugunduzi, na ndio waliohakikisha haufukiwi pamoja na mwenyewe.

Wells alizaliwa tarehe 21 Januari 1815 katika mji unaoitwa pia Hartford, ila huo uko jimbo la Vermont, na waandishi wasio makini huuchanganya na ule wa Connecticut. Wazazi wake walikuwa na ardhi na uwezo. Baba alifariki mwaka 1829, Horace akiwa na miaka 14. Mwaka 1834 alikwenda Boston kujifunza kazi ya meno. Wakati huo hapakuwa na chuo cha meno popote duniani, kwani cha kwanza kilifunguliwa Baltimore mwaka 1840, kwa hiyo kijana aliyetaka kazi hiyo alijishikiza kwa fundi mzoefu, akatazama, akajaribu, akaondoka na vyombo vyake. Mwaka 1836 Wells alifungua chumba chake Hartford, Connecticut, mji uliokuwa haujafikisha watu 15,000. Alikuwa na akili ya kuunda vitu na mkono mwepesi. Mwaka 1838, akiwa na miaka 23, alichapisha kijitabu juu ya meno na matunzo yake, na mwaka huohuo akamwoa Elizabeth Wales. Agosti 1839 alizaliwa Charles Thomas. Hawakupata mtoto mwingine.

Hadi hapo ni maisha ya daktari wa mji mdogo anayeheshimika: wateja, wanafunzi wa kufundishwa kazi, nyumba, kanisa. Kati ya wanafunzi hao mmoja alikuwa John Riggs, ambaye baadaye jina lake lilipewa ugonjwa wa fizi, na mwingine ni Morton, yule wa Boston. Wells na Morton walijaribu hata biashara ya pamoja huko Boston, lakini haikulipa, na kufikia mwaka 1844 ilikuwa imevunjika.

Kazi yenyewe ilikuwa na tatizo moja ambalo kila daktari wa meno alilijua na hakuna aliyelizungumza mbele ya mteja. Meno ya bandia yaliyokuwa yakitengenezwa wakati huo yalihitaji fizi tupu. Visiki vya meno yaliyooza vilipaswa kung'olewa kwanza, kimoja baada ya kingine, mteja akiwa macho. Wengi walikaa kwenye kiti, wakasikia idadi ya visiki vitakavyotolewa, wakainuka wakaenda zao. Kwa hiyo kuondoa maumivu kulikuwa huruma na kulikuwa riziki, vyote kwa pamoja. Wanaomsifu Wells kwa huruma peke yake wanamgeuza malaika, na wanaomshutumu Morton kwa tamaa peke yake wanasahau kwamba kazi yao ilikuwa moja.

Usiku wa senti 25

Jumanne tarehe 10 Desemba 1844, Gardner Quincy Colton, mwonyeshaji aliyewahi kusomea udaktari, alileta Hartford maonyesho ya gesi ya kuchekesha, yaani naitrasi oksaidi. Tangazo lake gazetini ni burudani peke yake: galoni 40 za gesi zingetengenezwa, vijana 12 wamejitolea kuivuta, na wanaume wanane wenye nguvu wamekodiwa kukaa viti vya mbele ili atakayelewa asijiumize wala asiwaumize wengine. Kiingilio senti 25. Wells alikwenda na Elizabeth.

Gesi hiyo haikuwa ngeni kwa wasomi. Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza, aliandika mwaka 1800 kwamba inaondoa maumivu na huenda ikafaa katika upasuaji usiomwaga damu nyingi. Maneno yake yalikaa kitabuni miaka 44, watu wakiendelea kuivuta gesi ili wacheke.

Mmoja wa waliovuta usiku ule, Samuel Cooley, alirukaruka ukumbini na kugonga mguu wake vibaya kwenye viti. Alipokaa, Wells aliuona mguu unavuja damu na mwenyewe hana habari. Akamuuliza kama anaumia. Cooley alishangaa kuiona damu. Mamia ya watu huko nyuma walikuwa wameona vituko vya aina hiyo na kucheka, Wells akaona matumizi yake. Kama kuna kitu kinachoitwa ugunduzi katika kisa hiki, basi ni swali lile alilomuuliza Cooley.

Kesho yake, tarehe 11 Desemba, Colton alifika kwenye chumba cha Wells na mfuko wa gesi. Wells mwenyewe aliketi kitini, akavuta mpaka akapoteza fahamu, na Riggs akang'oa gego lake. Alipozinduka alisema hakuhisi zaidi ya mchomo wa pini. Katika wiki zilizofuata, baada ya kufundishwa na Colton namna ya kutengeneza gesi kwa kupasha moto nitrati ya amonia, aliitumia kwa wateja wake. Yeye mwenyewe aliandika kuwa walikuwa 12 au 15.

Hapa uamuzi wa kwanza wa kuchambuliwa unajitokeza, nao ni kwamba chombo cha majaribio kilikuwa mwili wake. Alianza na jino lake mwenyewe, na hilo ni jambo la kumheshimu. Lakini aliendelea kuvuta gesi mara kwa mara, na baadaye etha na klorofomu, dawa nyingine mbili ambazo mvuke wake humlaza mtu. Daktari wa hospitali kubwa angekuwa na wenzake wa kumwambia inatosha. Daktari wa mji mdogo alikuwa na mke, na mke hakuwa na sauti katika mambo ya tiba.

Uamuzi wa pili ni hataza, yaani haki ya kisheria inayomzuia mwingine kutumia uvumbuzi bila idhini ya mvumbuzi. Inasimuliwa kuwa Wells alisema gesi hiyo iwe huru kama hewa tunayovuta. Iwe alisema hivyo au la, hakuomba hataza, wala hakumficha mwenzake yeyote jinsi ya kuifanya. Kichekesho ni kwamba hakuwa mtu asiyejua hataza, kwa sababu mwaka 1846 alipata moja kwa kifaa cha kuogea kwa maji ya kunyunyiza.

Kilichotokea Boston

Mwezi mmoja tu baada ya gego lake, Januari 1845, Wells alikuwa Boston, akitafuta nafasi ya kuonyesha gesi mbele ya madaktari. Morton alimsaidia kufahamiana na watu. Nafasi ilipatikana kupitia John Collins Warren, daktari wa upasuaji mwenye sifa kubwa, aliyewaruhusu wanafunzi wake wamtazame. Mpango wa kwanza ulikuwa mgonjwa wa kukatwa mguu, lakini mgonjwa alikataa, na badala yake akapatikana kijana wa kung'olewa jino. Gesi ikavutwa, mfuko ukaondolewa, jino likang'olewa, kijana akapiga kelele. Ukumbi ukazomea. Neno lililosikika lilikuwa ulaghai. Baadaye kijana alikiri kwamba hakuumia kama alivyotarajia, lakini ukumbi ulikuwa umeshatawanyika. Wells aliandika kuwa mfuko uliondolewa kwa makosa, mapema mno.

Maelezo yake yanakubaliana na tunachokijua leo juu ya gesi yenyewe. Naitrasi oksaidi ni dawa dhaifu. Hata ukimpa mtu gesi tupu bila hewa, inamfikisha ukingoni mwa usingizi, na kinachomalizia kumzimisha ni ukosefu wa oksijeni. Ukiondoa mfuko, ndani ya dakika moja au mbili amerudi. Daktari wa meno anayefanya kazi chumbani kwake anakuwa na koleo mkononi tayari na anaijua sekunde yake. Kwenye ukumbi, mbele ya umati, akisaidiwa na watu wasiowahi kuitumia, na kwa mgonjwa asiyemjua, nafasi ya kukosea ilikuwa kubwa tangu mwanzo. Siku hizi gesi hiyo haitolewi bila oksijeni. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hutumika katika nchi nyingi kupunguza uchungu wa uzazi, na mama anashika kinyago mwenyewe akijua kuwa akikiachia fahamu zinarudi mara moja. Udhaifu uleule uliomwaibisha Wells ndio unaoifanya iwe salama.

Kwa hiyo kosa la Boston lilikuwa la haraka: kesi 15, mwezi mmoja, na jukwaa kubwa kuliko uzoefu. Lakini si kweli kwamba lilimvunja mara moja, ingawa hivyo ndivyo wengi wanavyosimulia. Alirudi Hartford. Februari 1845 alitangaza nyumba yake kupangishwa. Aprili alitangaza gazetini kuwa wateja wake waende kwa Riggs. Daftari lake la kazi, ambalo limehifadhiwa hadi leo, linaonyesha mapengo: anafanya kazi, anaacha, anarudi, anaacha tena. Wakati huohuo alikuwa mtu anayehangaika kutafuta riziki kwa njia nyingine, akiunda na kuuza vifaa vya kuogea. Hiyo si picha ya mtu aliyekata tamaa. Ni picha ya mgonjwa mwenye familia, anayejaribu kila kinachoweza kuleta pesa bila kusimama siku nzima mbele ya kiti. Elizabeth, katika hati ya kiapo aliyoitoa baadaye, alisema hivyohivyo: mumewe aliacha kazi kwa sababu ya afya iliyoharibiwa na majaribio, hakuiacha kwa sababu ya aibu. Ni kweli kwamba alikuwa na masilahi katika kusema hivyo. Mapengo ya daftari, hata hivyo, hayana masilahi.

Kumwona mwanafunzi akishangiliwa

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika Massachusetts General Hospital, Morton alimlaza mgonjwa kwa etha, na daktari aliyepasua alikuwa Warren yuleyule. Safari hii mgonjwa alinyamaza. Warren akawaambia waliohudhuria kwamba huu si ulaghai. Neno hilo halikuja bure, kwani watu waliokuwapo walikumbuka la Januari 1845.

Siku tatu baadaye Morton alimwandikia mwalimu wake wa zamani akimweleza habari hiyo na kumdokezea kazi ya kuuza haki za kuitumia dawa. Wells alikwenda Boston kutazama, akiongozana na Elizabeth. Katika njia ya kurudi alimuuliza mumewe kama Morton amegundua kitu kipya. Jibu, kwa mujibu wa kiapo chake, lilikuwa hapana, ni ugunduzi wangu wa zamani, na hajui kuutumia. Napenda ushahidi huu kwa sababu ni mazungumzo ya mke na mume safarini, hayakusemwa kwa ajili ya gazeti. Pia unatuonyesha kwamba Elizabeth hakuwa anasubiri nyumbani aletewe habari. Alikuwapo usiku wa Colton, alikuwapo Boston, na alijua la kuuliza.

Novemba 1846 Morton na Jackson walipata hataza ya etha, ambayo Morton alikuwa ameitia rangi na harufu ili isitambulike. Desemba Wells aliandika gazetini kudai haki yake, kisha akasafiri kwenda Paris. Safari ilikuwa ya biashara ya kununua picha za kuja kuuza Marekani, lakini huko alikutana na Christopher Starr Brewster, daktari wa meno Mmarekani mwenye wateja wakubwa mjini humo, aliyemtia moyo kuwasilisha madai yake mbele ya jumuiya za madaktari wa Ufaransa. Alirudi Machi 1847 na kuchapisha kijitabu cha kueleza jinsi mambo yalivyokwenda.

Kwa maoni yangu hapa ndipo nyumba ilipoanza kubomoka. Boston 1845 ilikuwa aibu ya siku moja, na aibu ya siku moja huzoeleka. Kumwona mwanafunzi wako akishangiliwa na daktari yuleyule, kwa wazo ulilomwonyesha wewe, na kuzungukwa kila siku na magazeti yanayobishana kama upo au haupo, hilo halizoeleki. Na dawa ya kumthibitishia kuwa bado anaweza kuwatangulia wote ilikuwa karibu.

Novemba 1847 James Young Simpson, daktari wa Edinburgh huko Uskoti, alitangaza klorofomu. Ilikuwa na nguvu kuliko gesi na kuliko etha. Januari 1848 Wells alihamia New York peke yake kuanza upya, akiwaacha Elizabeth na Charles Hartford mpaka mambo yatengemae. Akaanza kuijaribu klorofomu kwa njia aliyoizoea, juu yake mwenyewe, mara kwa mara, na sasa bila mtu nyumbani. Tunajua leo kwamba kuivuta klorofomu mfululizo kunaweza kumtia mtu uraibu na kumvuruga akili. Wells hakujua, na hapakuwa na aliyejua, maana dawa ilikuwa na miezi miwili tu tangu itangazwe.

Tarehe 21 Januari 1848, siku aliyotimiza miaka 33, alikamatwa Broadway akiwamwagia tindikali makahaba. Maelezo aliyoyaandika ni kwamba kijana mmoja aliyemjua alikuwa ameharibiwa nguo zake kwa tindikali na mwanamke wa barabarani, akaja kwake kutafuta ya kulipiza, na Wells akampa. Siku chache baadaye, akiwa amelewa klorofomu, yeye mwenyewe alichukua chupa na kutoka mbio. Sioni sababu ya kulipunguza tendo hili kwa kuwa lilifanywa na mtu tunayemhurumia. Wanawake wale walimwagiwa tindikali, na historia haikujishughulisha nao hata kidogo. Kuna waandishi wanaolipitia tukio hili kama vile waathiriwa walikuwa nguo tu.

Akili ilipomrudia mahabusu, alielewa alichofanya. Aliruhusiwa kwenda chumbani kwake na mlinzi kuchukua vitu vya kunyolea. Jumapili usiku aliandika barua, moja kwa mkewe akisema anahisi anapoteza akili na hawezi kuendelea. Aliandika pia kwamba anawaacha mke na mtoto bila kitu cha kuwatunza. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 24 alikutwa amejiua, akiwa amejilaza kwanza kwa klorofomu.

Brewster alikuwa ameshaandika kutoka Paris, katika barua ya tarehe 12 Januari, kwamba jumuiya ya madaktari ya Paris imempa Wells heshima ya kuwa wa kwanza kugundua na kufanikisha matumizi ya gesi na mvuke kuzuia maumivu. Barua ilivuka bahari na kumkuta ameshazikwa.

Miaka 41 ya Elizabeth

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye barua iliyochelewa. Ni mwisho mzuri wa hadithi, na kwa mchambuzi ni mahali pabaya pa kuishia. Mwanamke alibaki na mtoto wa miaka minane, bila mapato, na jina la familia lililoandikwa katika magazeti ya New York pamoja na maneno tindikali, makahaba na mahabusu. Njia rahisi ilikuwa kunyamaza. Angeweza kurudi kwa ndugu, akamlea mtoto, na akaacha Morton na Jackson wagombanie sifa peke yao.

Hakunyamaza. Morton alikuwa anaiomba Kongresi, bunge la Marekani, imlipe fidia, na kiasi kilichojadiliwa kilikuwa dola 100,000, fedha nyingi sana kwa wakati huo. Upande wa Hartford ulijibu kwa ombi lao. Truman Smith, seneta wa Connecticut, alilisimamia, na ombi hilo liliwasilishwa kwa jina la mtoto, Charles Thomas Wells. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Marehemu alikuwa na doa, na mjane angeweza kudharauliwa kama mke anayemtetea mumewe, lakini mtoto hakuwa na hatia yoyote. Viapo vilikusanywa: wa Elizabeth, wa Riggs aliyeng'oa lile gego, wa Cooley aliyegonga mguu, wa Colton mwenye gesi, pamoja na wateja wa Hartford waliong'olewa meno bila maumivu mwishoni mwa 1844. Bila kazi hiyo, ukumbi wa Boston ungebaki kuwa ushahidi pekee juu ya Wells.

Kama shauri lenyewe, halikuleta senti. Pesa hazikulipwa kwa Wells, kwa Morton, kwa Jackson wala kwa Long. Kila upande ulipokaribia, mwingine uliinuka na kupinga. Lakini kuzuia malipo ya Morton kulikuwa na matokeo: swali la nani wa kwanza lilibaki wazi.

Na hapa lazima nikiri kwa haki kwamba mjane peke yake asingeshinda. Kwa karibu miaka 20 gesi ya Wells ilikuwa imesahaulika. Etha na klorofomu zilikuwa zimetawala, na mtu angeweza kuuliza: mmegundua nini, kitu ambacho hakuna anayekitumia? Aliyelijibu swali hilo ni Colton, mwonyeshaji wa senti 25. Mwaka 1863 huko New Haven alianza tena kuitumia gesi kwa kung'oa meno, na wateja wakamiminika. Akahamia New York na kufungua kampuni ya kung'oa meno kwa gesi peke yake, na katika miaka iliyofuata walihudumia maelfu kwa maelfu ya watu. Ghafla dawa ya Wells ilikuwa kwenye viti vya meno nchi nzima. Mwaka 1864 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilimtambua Wells kuwa mgunduzi, na mwaka 1870 chama cha madaktari cha Marekani kikafuata. Mwaka 1875 sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ya Bushnell, Hartford. Ubishi haukuisha kwa hilo. Wakazi wa Boston walijenga mnara wao wa etha mwaka 1868 bila kutaja jina la mgunduzi yeyote, na naona walifanya vizuri.

Mtu atauliza kama nyumba nyingine zilinusurika. Ya Long, ndiyo. Alitumia etha kwa upasuaji tarehe 30 Machi 1842 huko Jefferson, kabla ya wote, akanyamaza hadi 1849, akaendelea kutibu wagonjwa wake na kuishi na mkewe Caroline, na alifariki mwaka 1878 akiwa kazini, akizalisha. Kwa tarehe peke yake yeye ndiye wa kwanza, na sielewi watu wa Hartford wanaojaribu kulizunguka hilo. Ya Morton haikunusurika. Naye alioa Elizabeth, binti wa familia ya Whitman wa Farmington, kijiji kisicho mbali na Hartford, na naye aliacha kazi ya meno akafilisika katika kesi na maombi. Julai 1868 alianguka Central Park, New York, mkewe akiwa pamoja naye, akafa. Mwaka 1896 Bi Morton alichapisha kumbukumbu zake kumtetea. Wajane wawili, jina moja, kutoka upande mmoja wa Connecticut, kila mmoja akishika jina la mumewe dhidi ya la mwingine. Jackson aliishia hospitali ya magonjwa ya akili, na alifariki mwaka 1880. Ukiziweka nyumba hizo pamoja, chanzo cha maangamizi kinaonekana kuwa madai zaidi kuliko gesi au etha. Long hakudai kwa wakati, akabaki mzima. Waliodai walivunjika mmoja baada ya mwingine.

Hata hivyo kwa nyumba ya Wells nisingelaumu madai peke yake. Wells aliugua kabla Morton hajasikika. Na Elizabeth mwenyewe, aliyetumia maisha yake kutetea ugunduzi, hakuwahi kuusifia kama baraka ya nyumbani. Aliandika kwamba kipaji ambacho mumewe alikitoa kuwatumikia watu kilikuwa balaa lisilosemeka kwa familia yake. Sentensi hiyo inafaa isomwe na kila anayeandika wasifu wa mvumbuzi, kwa sababu wasifu mwingi huandikwa kana kwamba mvumbuzi hakuwa na mtu wa kula naye chakula cha jioni. Elizabeth alifariki mwaka 1889.

Charles aliyerithi ombi la Seneti akiwa mtoto aliendelea nalo kwa njia yake, bila Seneti. Mwaka 1903 alitoa dirisha la vioo vya rangi katika kanisa la Center Church, Hartford, kwa kumbukumbu ya wazazi wake wote wawili, lenye maneno ya Ufunuo 21:4: wala maumivu hayatakuwapo tena. Mwaka 1908 aliihamisha mifupa yao kutoka makaburi ya zamani ya mji hadi Cedar Hill na kuwajengea kaburi lenye michoro ya shaba. Alifariki mwaka 1909. Wafaransa nao walimsimamishia baba yake sanamu Paris, katika Place des États-Unis, mwaka uliofuata.